Dondoo za Kumpelekea Mshauri

Silipendi neno dondoo. Nikilisikia redioni nabadilisha stesheni, na mke wangu amezoea, hata haulizi. Miaka yote niliyofanya kazi ofisini pale Sumbawanga, kazi yangu hasa, ukiacha lile jina refu lililokuwa kwenye barua ya ajira, ilikuwa kuandika dondoo. Waziri Mkuu akitarajiwa kuja huku kwetu, washauri wake wanataka kujua mapema: watu wanakula nini, wanalalamika nini, barabara ipi mbovu, zahanati ipi haina dawa. Yeye ni mtu mmoja na nchi ni kubwa, hawezi kukijua kila kijiji cha Ufipa. Kwa hiyo ana watu wa kumwambia, na watu hao nao wana watu wa kuwaambia, na mwisho kabisa, kwenye meza yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha tofali, nilikuwa nimekaa mimi.

Mshauri wa kwanza niliyemwona kwa macho alikuwa mzee mfupi, mwenye sweta la kahawia lililotoboka kiwiko. Lami ilikuwa bado haijafika. Alikuja na Land Rover kutoka upande wa Tunduma, akashuka mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu. Bosi wa wakati ule alikuwa ameandaa chai, mayai na hotuba. Mzee akanywa chai, akala mayai, hotuba akaikataa. Akanigeukia mimi, kijana niliyekuwa nimesimama karibu na mlango, akaniuliza:

"Nani ananung'unika sana hapa kwenu?"

Nikamtazama bosi, bosi akatazama dari.

"Wanaosifu usinipeleke," mzee akasema. "Hao nitakutana nao njiani bila kutafutwa. Nipeleke kwa wanaonung'unika."

Basi nikampeleka. Siku nne tulizunguka naye vijijini, anakula ugali wa ulezi na maharage kama mtu wa huku, anaingiza mkono kwenye ghala la mtu mpaka begani, anatoa mahindi yaliyoliwa na wadudu, ananusa, anaandika kwenye kaunta buku. Alianza kila ukurasa na habari mbaya. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kazi yake ni kumpa mkubwa habari mbaya kabla hajazisoma kwenye mabango ya wananchi mbele ya kamera. Nilimpenda yule mzee. Nilidhani kazi ya ushauri ndiyo hiyo, na kwamba na mimi nimeingia kwenye kazi ya heshima.

Baadaye ofisi ya washauri ikakua. Zamani alikuwa mzee mmoja na kaunta buku. Sasa kukawa na mshauri wa kilimo, wa afya, wa habari, wa hiki na kile. Watu wote hao hawawezi kupakiwa kwenye gari wakaletwa Rukwa kila mara, kwa hiyo wakawa wanatuma fomu. Nasema haki ya Mungu, fomu yenyewe haikuwa na ubaya. Ilikuwa na sehemu ya mafanikio na sehemu ya matatizo, zote zina nafasi sawa ya kuandikia. Ubaya tuliutia sisi.

Tuliutia polepole. Mwanzoni bosi alikuwa anafuta neno moja tu. Nikiandika "hakuna dawa," anakata kwa kalamu nyekundu, anaandika "upungufu wa dawa." Mwaka uliofuata neno upungufu nalo likaonekana kali mno, tukaandika "upatikanaji wa dawa unaendelea kuimarika." Nikajifunza. Jamani, nilijifunza vizuri sana! Ikafika mahali bosi hana haja ya kalamu nyekundu, mimi mwenyewe nilikuwa nafuta kichwani kabla ya kuandika. Wenzangu wakawa wananiletea taarifa zao niwalainishie, na mimi najiona fundi, navuta kiti, navaa miwani, nalainisha.

Kisha zikaja simu za kisasa, na makundi ya simu, na picha. Hapo ndipo tulipooza kabisa. Kuna kitanda kimoja cha kujifungulia, kipya, chenye mpira wa bluu, nilikipiga picha katika zahanati tatu tofauti. Tulikuwa tunakipakia kwenye pikapu, tunakishusha, tunatandika shuka, napiga picha, tunakipakia tena. Wauguzi wanatutazama tu. Mmoja aliniuliza, "Kaka, kinabaki?" Nikamjibu, "Kitarudi." Nilimjibu kwa uso mkavu.

Sasa huyo mshauri wa mwisho. Alikuwa dada, umri wa binti yangu wa kwanza, mwembamba, amevaa raba na koti zito kwa sababu alikuwa ameambiwa Sumbawanga baridi, na kweli ulikuwa mwezi wa saba, upepo wa huku ukikupiga unatafuta mifupa. Alikuja wiki moja kabla ya ziara. Sisi tulikuwa tumemwandalia fomu iliyojazwa, picha, na chakula cha mchana chenye migebuka kutoka ziwani. Akala samaki, akasifu, kisha akaisukuma ile fomu pembeni ya meza.

"Shikamooni tena wazazi wangu," akasema, "lakini hizi nimeshazisoma nyingi. Safari hii nimeambiwa nisikie kwa masikio yangu. Nataka kijiji kimoja chenye zahanati, na nataka mwananchi mmoja aniambie mwenyewe."

Nilimkumbuka yule mzee wa sweta. Moyo wangu uliruka kidogo, sitadanganya. Bosi wangu wa wakati huo, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akasema, "Hakuna shida kabisa, mheshimiwa." Kisha mgeni alipokwenda kupumzika, akatuita ndani, akafunga mlango.

"Mwananchi anayejua Kiswahili atatuharibia," alisema. "Nataka bibi. Bibi asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Aseme Kifipa, sisi tutafsiri." Akanielekezea kidole. "Wewe si Mfipa? Utatafsiri."

Tukacheka. Wote. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wenzangu, na kicheko hicho ndicho kinachonitia kinyaa kuliko hata yale yaliyofuata, maana hakuna aliyekuwa amenishika shati. Sikutishiwa kufukuzwa kazi wala sikuahidiwa cheo. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, nina nyumba yangu Milanzi, watoto wameshajitegemea. Nilicheka kwa mazoea tu.

Kijiji kilichochaguliwa kilikuwa kijiji cha mama yangu mzazi. Bosi hakujua, na mimi sikusema. Mwenyekiti wa kijiji alipigiwa simu, akaambiwa atafute bibi wa Kifipa kitupu, akatajiwa na jina langu kuwa ndiye mtafsiri, akajibu yupo. Asubuhi tulipofika, watu wamekaa kwenye nyasi mbele ya zahanati, wanawake wamejifunika vitenge juu ya masweta, nikamwona bibi aliyeandaliwa ameketi mbele kwenye kigoda. Nikashtuka. Alikuwa mama yangu mkubwa, dada yake mama.

Mama mkubwa asijue Kiswahili! Yule ameuza ulezi na maharage Majengo tangu mimi niko shule ya msingi, amegombana na wachuuzi kwa Kiswahili, ameimba kwaya kanisani kwa Kiswahili, na mgambo aliyetaka kumwondoa sokoni alipewa Kiswahili ambacho siwezi kukiandika hapa. Nikamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Nikadhani amekosa bibi mwingine, akaona bora liende. Nami nikanyamaza, nikampigia mama mkubwa makofi ya salamu kama desturi yetu, nikainama, akaniitikia kwa Kifipa, uso umemchangamka.

Zahanati ilikuwa imepakwa rangi upya, chini bluu, juu maziwa. Wodi ya wazazi ilikuwa na kufuli. Ndani, hilo nilijua kwa sababu nilikuwa nimeshachungulia, kulikuwa na mifuko ya saruji iliyoganda na baiskeli mbovu. Mkunga aliyekuwepo alihamishiwa mjini mwaka uliotangulia, na hakuletwa mwingine. Barua ya kijiji ya kuomba mkunga ilikuwa mezani kwangu. Sikuitupa, na wala sikuipeleka popote. Nyuma ya mama mkubwa alikuwa amekaa mjukuu wake, binti wa dada yangu, mimba yake kubwa, miguu imevimba, ameegemea ukuta. Aliponiona alitabasamu, akanipungia mkono. "Mjomba," alisema kwa midomo tu, bila sauti.

Mshauri akaketi chini kwenye nyasi, sawa na watu wengine, akafungua daftari. Bosi akabaki amesimama.

Mama mkubwa akasema. Alisema taratibu, bila kupaza sauti, kwa Kifipa kilichonyooka. Alisema jengo tunaliona ni zuri, lakini jengo halimpokei mtoto. Alisema tangu mkunga aondoke, wanawake wanabebwa kwenye bodaboda mpaka mjini, na mwaka ule wawili walijifungulia njiani. Akageuka, akamshika mjukuu wake begani, akasema huyu naye siku zake zinakaribia, na mimba iliyotangulia ilimsumbua, na yeye, bibi yake, hapati usingizi. Akasema hatuombi vingi. Tunaomba mkunga mmoja, aletwe kabla ya mwezi kuisha. Kisha akanitazama mimi, akatulia, akaweka mikono kwenye mapaja. Alikuwa amemaliza.

Mshauri akaniinulia macho. Bosi akakohoa.

Nikafungua mdomo. Huu mdomo wangu, ambao asubuhi hiyo ulikuwa umekula andazi na kunywa chai ya tangawizi, ukatoa maneno haya: "Bibi anaishukuru serikali kwa jengo zuri la zahanati. Anasema kina mama wamefarijika. Changamoto ndogondogo za watumishi zipo, ila ana imani zinaendelea kufanyiwa kazi."

Ukweli ni kwamba watu wote pale walikuwa wanaelewa Kiswahili. Kijiji kizima kilinisikia. Sikuona mtu aliyekasirika, na ningeshukuru kama angekuwepo wa kunirushia hata donge la udongo. Waliinamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliomwona mzee wao amejikojolea hadharani na hawataki kumwaibisha zaidi. Binti wa dada yangu peke yake ndiye aliyeendelea kunitazama, tabasamu lile bado liko usoni, halijapata nafasi ya kutoka. Mama mkubwa alikunja tu pindo la kitenge chake, akalikunjua, akalikunja tena.

Mshauri hakuwa mjinga. "Ameongea muda mrefu," aliniambia. "Ndiyo hayo tu?"

Na mimi, ptu, nikamjibu: "Kifipa kina maneno mengi, dada."

Akanitazama kidogo. Akaandika.

Ndani ya gari, wakati wa kurudi, bosi alinipiga bega. "Mzee, umetuokoa," alisema. Tulipofika mjini akaninunulia soda, akanifungulia yeye mwenyewe. Nikainywa yote, mpaka povu la mwisho.

Wiki iliyofuata Waziri Mkuu alikuja. Uwanja ulijaa. Nilikuwa nimekaa nyuma ya jukwaa, na alipofika kwenye afya nikasikia sentensi zangu. Kina mama wamefarijika. Watu wakapiga makofi, kwa sababu wengi wao si wa kijiji kile, na maneno yalikuwa matamu. Angejuaje yeye? Alikuwa anasema alichoambiwa, aliyemwambia alikuwa anasema alichoandika, na aliyeandika alikuwa ameandika nilichosema mimi. Wenzangu walinigusa kwa viwiko, wakanong'ona, "Unasikia? Ni yako hiyo." Nikatabasamu. Loo, hata pale nilitabasamu.

Siku kumi na moja baada ya ziara, alfajiri, binti wa dada yangu alishikwa na uchungu. Bodaboda ya kwanza ilikataa kumbeba kwa jinsi alivyokuwa. Wakapata pikapu iliyokuwa inapeleka magunia ya mahindi mjini, wakampandisha juu ya magunia, mama mkubwa amemshikilia kichwa. Hawakufika. Mtoto alizaliwa njiani, juu ya magunia, amezungukwa na kitovu shingoni, na pale juu hakukuwa na mtu aliyejua la kufanya. Alikuwa wa kiume. Mama yake alipona. Nilipigiwa simu nikiwa ofisini, nikiwa nalainisha taarifa ya mtu.

Tulimzika mchana uleule. Kaburi la mtoto wa siku moja ni dogo hivi kwamba halihitaji watu wawili kulichimba. Binti wa dada yangu alikuwa amelala ndani, nikaingia kumpa pole. Alisema, "Asante, mjomba," akageukia ukutani. Hakunilaumu. Wafipa tuna adabu inayouma sana wakati mwingine.

Jioni ile nilifika nyumbani Milanzi, sikuvua hata koti, nikakaa kitandani na simu. Namba ya yule mshauri nilikuwa nayo. Nikamwandikia yote: aliyoyasema mama mkubwa, neno kwa neno, niliyoyasema mimi, mifuko ya saruji, kitanda cha picha tatu, barua iliyokaa mezani kwangu, na mtoto. Nikasoma mara moja, nikaona vidole vyangu vimeshaanza kulainisha, kwenye mstari wa tatu vimeandika "changamoto." Nikafuta neno hilo, nikaandika "hakuna mkunga." Nikatuma.

Nilitegemea kimya. Nasema kweli, nilitamani kimya. Ningepata kusema, unaona, hata ningetafsiri vizuri isingesaidia, wakubwa hawasikii. Hicho ndicho tulichokuwa tunaambiana ofisini miaka yote tunapokunywa chai, na kilitufaa sana. Lakini yule dada alijibu kabla sijaweka simu chini.

"Pole sana, mzee wangu. Asante kwa kusema. Kwa nini hukuniambia siku ile?"

Sikumjibu. Mpaka leo ujumbe ule uko pale chini, wa mwisho.

Mkunga aliletwa baada ya siku tisa. Siku tisa! Hakikuitishwa kikao, hakuna fomu iliyojazwa. Alikuja dada mmoja mchangamfu na begi lake, kufuli likavunjwa, saruji ikatolewa, na safari hii kitanda chenye mpira wa bluu kikapelekwa kikabaki. Bosi alihamishwa mkoa mwingine. Mimi niliandikiwa barua ya onyo, nikaisaini, nikaendelea na kazi mpaka nikastaafu na kuagwa kwa pilau na hotuba. Kwenye hotuba walisema nilikuwa mtumishi mwenye kalamu nzuri. Nilikwenda chooni, nikatapika pilau lote.

Kabla ya kustaafu nilikwenda kijijini, mkunga akiwa ameshafika. Nilitaka kumwomba mama mkubwa msamaha. Nilimkuta uani anapepeta ulezi. Nikainama, nikapiga makofi, nikamsalimu kwa Kifipa, lugha tuliyozungumza tangu alipokuwa ananibeba mgongoni.

"Marahaba," akanijibu kwa Kiswahili. "Karibu. Kaa hapo."

Nikaendelea kwa Kifipa, nikasema nimekuja kwa sababu ya siku ile. Akaweka ungo chini. Akaendelea kwa Kiswahili, kile cha Majengo, kikavu, kinachofika.

"Mwenyekiti alituita usiku wa kuamkia siku ile," alisema. "Akatwambia wamekataa mtu yeyote anayejua Kiswahili kusema, wanataka bibi wa Kifipa. Watu wakakata tamaa. Mimi nikawaambia, msihuzunike, semeni mimi sijui. Anayetafsiri ni mwanangu. Nikisema kwa Kiswahili watanizuia, lakini nikisema kwa Kifipa mwanangu atalifikisha, tena kwa Kiswahili cha ofisini, kizuri kuliko changu. Wakakubali wote. Walikubali kwa sababu yako."

Nilijaribu kusema neno, kwa Kifipa. Akainua mkono.

"Sema Kiswahili tu," alisema. "Nitaelewa mwenyewe."

Akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta.